KODI YA ARDHI NA SHAMBA LA MWANACHAMA

Mara kwa mara, kazi ya kupima mashamba inapofika kijijini, wapo wanachama wanaosita kuonyesha mipaka yao. Sababu wanayoitoa ni moja: shamba likishaandikwa, litatozwa kodi. Makatibu wa vyama vya msingi huulizwa jambo hili na wanachama wa Nachingwea hadi Ruangwa, na si kila katibu aliye na jibu. Wengine hujibu kwamba kodi ya ardhi haipo kabisa, na wengine kwamba ipo kwa kila mwenye hati. Majibu yote mawili yana kosa, na kila kosa lina hasara yake. La kwanza humfanya mwanachama asilipe anachodaiwa hadi deni limzidi, na la pili humnyima hati ambayo ingemlinda.

Hofu ya wazee kuhusu kuandikwa haikuzuka hivi hivi. Serikali ya Wajerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kiwango kilikuwa rupia 3 kwa kila kibanda, na mtu asiye na fedha alilipa kwa mazao au kwa nguvu za mikono yake. Kwanza zilihesabiwa nyumba, kisha wakaja watoza kodi. Kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba kwa lazima, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905, vita ambavyo njaa yake ilisimuliwa Kusini kwa vizazi. Baadaye Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Baada ya Uhuru kodi ya kichwa kwa watu wa vijijini ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1960, ikarudi kwa sura ya kodi ya maendeleo katika miaka ya 1980 serikali za mitaa ziliporudishwa, na ikafutwa mwaka 2003.

Lakini katika orodha hiyo yote ndefu hakuna kodi iliyotozwa juu ya shamba la mkulima mdogo. Mtoza kodi alihesabu mapaa na vichwa, hakuhesabu ekari. Mwenye ekari 20 za mikorosho na mwenye bustani ya mihogo walidaiwa sawasawa.

Jibu la swali la hati linaanzia kwenye msingi wenyewe wa umilikaji. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Mwalimu Nyerere aliandika kupinga pendekezo la kuwaruhusu Waafrika kumiliki ardhi kwa milki ya kudumu, inayouzika kama bidhaa yoyote. Aliona kwamba wenye fedha wangenunua na wengi wangegeuka wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 milki za kudumu zilizokuwapo, nyingi zikiwa za wageni tangu enzi ya Wajerumani, zilibadilishwa kwa sheria zikawa upangaji kutoka kwa Serikali. Tangu hapo ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hana ardhi kwa maana ya kuimiliki moja kwa moja. Ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo malipo ambayo mwenye hati huyalipa Serikalini kila mwaka yanaitwa kodi ya pango: mpangaji anamlipa mwenye mali, ambaye ni umma.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, ziliigawa ardhi ya nchi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mgawanyo huu ndio unaoamua nani anadaiwa pango. Hati inayotolewa kwa jina la Rais kupitia Kamishna wa Ardhi, juu ya ardhi ya jumla, huja na kodi ya pango ya kila mwaka, na kiwango hutegemea ukubwa wa eneo, matumizi yake na mahali lilipo. Hati ya hakimiliki ya kimila ni karatasi nyingine. Hiyo hutolewa na Halmashauri ya Kijiji juu ya ardhi ya kijiji, huandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya, na mwanakijiji anaweza kuipata bila kikomo cha miaka. Kupata hati ya kimila hakuligeuzi shamba kuwa ardhi ya jumla, na hakumwingizi mwenyewe katika daftari la wanaodaiwa pango na Kamishna. Hata hivyo hati ya kimila nayo ina masharti, na sheria inamtaka mwenye hati alipe ada na malipo yoyote yaliyowekwa kihalali juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo asomewe masharti yaliyoandikwa katika hati yake mwenyewe kabla hajaweka dole gumba.

Kodi ya majengo nayo huchanganywa na kodi ya shamba. Tangu mwaka 2021 ilianza kukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Hiyo ni kodi ya jengo. Mikorosho iliyo nyuma ya nyumba haimo.

Ushuru wa mazao: kodi ya shamba kwa mlango mwingine

Ikiwa mkulima wa kijijini hadaiwi kodi kwa ekari, haina maana kwamba shamba lake halitozwi. Linatozwa kwa kilo. Halmashauri za wilaya, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, zina mamlaka ya kutoza ushuru wa mazao. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 5 ya bei ya shambani, na katika bajeti ya 2017/18 kilishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara, yakiwamo korosho, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana vizuri kwa hesabu. Tuchukue mfano wa mwanachama mwenye ekari 4 za mikorosho. Mwaka wa neema anapeleka ghalani kilo 800, zinauzwa mnadani kwa shilingi 2,500 kwa kilo, na thamani yake ni shilingi 2,000,000. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 60,000. Mwaka unaofuata ubwiriunga unashika maua, salfa imechelewa, naye anapeleka kilo 300 tu. Kwa bei ileile thamani ni shilingi 750,000 na ushuru ni shilingi 22,500. Ushuru umeshuka pamoja na mavuno.

Sasa mwanachama huyohuyo angetozwa kwa ekari, tuseme shilingi 15,000 kwa kila ekari, angelipa shilingi 60,000 katika mwaka wa neema, sawasawa na ushuru. Lakini katika mwaka wa ubwiriunga angedaiwa shilingi 60,000 zilezile, nazo ni asilimia 8 ya mauzo yake yote. Na katika mwaka ambao hakuvuna kitu, kwa ugonjwa wake au wa mikorosho, deni lingebaki palepale. Kodi ya ardhi haiulizi kama mvua ilinyesha. Hapo ndipo mkulima mdogo huuza mbuzi, kisha huuza korosho zikiwa bado juu ya mti, na mwisho huuza shamba lenyewe.

Hata hivyo ushuru wa mazao usisifiwe kupita kiasi. Unatozwa juu ya mauzo ghafi, kabla mkulima hajatoa gharama zake. Wanachama wawili waliouza korosho za shilingi 2,000,000 kila mmoja hulipa shilingi 60,000 sawa. Ikiwa mmoja alitumia shilingi 500,000 kwa palizi, salfa na vibarua, ushuru umechukua asilimia 4 ya alichobakiwa nacho. Mwenzake aliyekuta shamba la pori akalifufua kwa shilingi 1,200,000 amebakiwa na 800,000, na ushuru uleule ni asilimia 7 na nusu ya hizo. Aliyejitahidi zaidi kulihudumia shamba ndiye aliyetozwa zaidi kwa kipimo cha faida yake. Kodi ya ekari haina kasoro hiyo, kwa maana jitihada za mkulima haziiongezi, na watetezi wake popote duniani hushika hoja hii. Kwa mwenye mtaji na akiba, hoja yao ina nguvu. Kwa mtu ambaye akiba yake ni mazao yaliyo ghalani, haina nguvu hiyo.

Nani hasa anaulipa ushuru huo? Kwa sheria, anayeupeleka halmashauri ni mnunuzi. Wanachama wengi husikia hivyo wakaridhika. Lakini mnunuzi anayeingia mnadani anajua tangu mwanzo atakachodaiwa, na huandika bei yake baada ya kuondoa madai hayo yote. Ushuru usipoonekana kwenye makato ya mkulima, umo ndani ya bei. Hali ni hiyohiyo kwa ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje ya nchi, ambao uliwekwa kwa asilimia 15 ya thamani ya korosho zikiwa zimepakiwa melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Korosho zikiuzwa dola 1,000 kwa tani, asilimia 15 ni dola 150, kwa hiyo zitatozwa dola 160. Zikifika dola 1,500, ushuru ni dola 225. Fedha hizo hazikatwi mkononi mwa mkulima, lakini kila mnunuzi huzitoa katika hesabu yake kabla hajataja bei. Ndiyo sababu wabunge wa mikoa ya Kusini walisimama kwa ukali Bungeni mwezi Juni 2018, sheria ya fedha ilipoondoa fungu la asilimia 65 la ushuru huo lililokuwa likirudi kuendeleza zao. Mkulima aliyeambiwa kwamba halipi kodi ya shamba alikuwa amechangia fungu lile kwa kila gunia.

Wako wanaodhani wameikwepa kodi kwa kuuza kangomba. Mnunuzi wa kangomba halipi ushuru, ni kweli, lakini faida ya kutolipa huishika yeye. Kisomo humpimia mkulima kwa bakuli na kwa bei anayoitaka mwenyewe, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya mnada, mkulima akiwa na mgonjwa nyumbani au ada ya shule.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/08, uliwapa vyama nafasi ambayo havikuwa nayo zamani: kila tozo inaweza kuandikwa na kuonekana. Katibu anapobandika mjengeko wa bei ukutani mwa ghala, aandike ushuru wa halmashauri kwenye mstari wake, mbali na gharama za chama, za ghala na za usafirishaji. Mwanachama anayeona jumla moja tu ya "makato" hukilaumu chama kwa fedha ambazo chama hakikuzipata. Na mwanachama anayejua kwamba shilingi 60,000 zake zilikwenda halmashauri ana haki ya kumwuliza diwani wake barabara ya kwenda ghalani imefikia wapi.

Shamba linapobadilika fungu

Hatari ya kodi ya ardhi kwa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa haiko katika kupimwa. Iko pale shamba linapoondoka katika ardhi ya kijiji na kuingia ardhi ya jumla, mara nyingi bila mwenyewe kufahamu kwamba limevuka.

Wilaya ya Nachingwea ina kumbukumbu ya jambo hili katika kipimo kikubwa mno. Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947, ulikusudia kulima mamilioni ya ekari katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, nyingi zikiwa za Kusini. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi kuja Nachingwea, na jina la kata ya Stesheni limebaki hata baada ya mataruma kung'olewa mapema katika miaka ya 1960. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa ilikwenda kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, ambalo liliwaweka wakulima kama wapangaji. Ardhi iliyokuwa ya wenyeji kwa desturi ikawa ya mpango, kisha ya shirika, na wana wa wenyeji wakailima kwa masharti ya mwingine.

Siku hizi kuna utaratibu, na wanachama waujue. Mtu au kampuni ikitaka ardhi ya kijiji kwa kilimo kikubwa, kiwanda au mgodi, ni lazima ardhi hiyo ihawilishwe kwanza. Eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kijiji kutoa maoni yake. Jambo linalosahauliwa katika mikutano hiyo ni kwamba baada ya kuhawilishwa, kodi ya pango ya eneo lile hulipwa Serikali Kuu, wala haiingii katika mfuko wa kijiji. Kijiji kinachotegemea "kodi ya mwekezaji" kiulize kwa maandishi ni malipo gani, yatalipwa kwa nani, na kwa sheria ipi. Ruangwa, ambako madini ya kinywe yamewaleta watafutaji, swali hili litaulizwa mara nyingi.

Njia ya pili ya kuvuka ni mji. Eneo linapotangazwa kuwa la mipango miji, mashamba yaliyo ukingoni hupimwa viwanja, na pango hukadiriwa kwa matumizi ya kiwanja. Mikorosho ileile, kilo zilezile, lakini ardhi sasa inahesabiwa kana kwamba ina duka juu yake. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Marekani, ambako mkulima hulipa kodi kwa thamani ya ardhi yake, miji ilipotanuka baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa kandokando walijikuta wanadaiwa kodi ya bei ya viwanja kwa mashamba ya mahindi. Jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza, mwaka 1956, kuweka sheria ya kukadiria shamba kwa matumizi yake ya kilimo, na majimbo mengine yakafuata. Hapa Tanzania, matumizi yaliyoandikwa katika hati ni miongoni mwa mambo yanayopanga kiwango cha pango. Kwa hiyo mwanachama wa kandokando ya mji anayeendelea kulima ahakikishe hati yake imeandikwa kilimo, asikubali neno "makazi" kwa sababu tu jirani zake wamelipokea.

Na kabla ya hapo, mwanachama asiambiwe kwamba haki yake ya kimila ilikuwa si kitu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Daftari la chama linaloonyesha kwamba mtu fulani ameuza korosho za shamba fulani kwa miaka 15 mfululizo ni ushahidi mzuri wa matumizi anapokuja mthamini.

Viwanja vya vyama vyenyewe

Wapo makatibu wanaoeleza vizuri sana kodi za wanachama huku chama chenyewe kikidaiwa. Maghala na ofisi nyingi za vyama vya msingi zimejengwa juu ya viwanja, na baadhi ya viwanja hivyo vimo katika ardhi ya jumla tangu zamani. Historia ya ushirika imeziacha karatasi zake katika hali mbaya. Vyama vikuu vilivunjwa mwezi Mei 1976. Ununuzi wa korosho ukawa mikononi mwa Mamlaka ya Korosho, iliyoundwa mwaka 1973, na vijiji vikawa ndivyo vyama. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, kisha sheria za 1991, 2003 na 2013 zikabadilisha tena majina na mipaka ya vyama. Katika kila badiliko jengo lilibaki mahali pake, lakini jina lililo kwenye hati halikubadilishwa sikuzote. Kwa hiyo si jambo la ajabu ghala kuwa linatumiwa na chama kimoja, hati ina jina la kingine kilichokwisha futwa, na madai ya pango yanapelekwa kwenye sanduku la posta ambalo halifunguliwi na mtu.

Deni la pango halifi kwa kutosomwa. Lisipolipwa kwa wakati huongezwa riba, na kutolipa ni kuvunja sharti la hati, jambo ambalo mwisho wake waweza kuwa kufutwa kwa haki yenyewe. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa riba kwa wadaiwa waliolipa deni la msingi katika muda uliowekwa. Chama kilichokuwa na karatasi zake mkononi kiliweza kuutumia, na kile kisichojua hati yake iko kwa nani hakikuweza.

Pango hulipwa mapema kwa mwaka mzima, na tarehe inayoandikwa katika hati ni 1 Julai. Kwa mwenye kutegemea korosho hiyo ni tarehe mbaya, maana minada yake huanza Oktoba. Ufuta ndio unaokuwa sokoni wakati huo. Chama chenye ghala au ofisi katika ardhi ya jumla kiingize pango katika makisio yanayopitishwa na mkutano mkuu, na fedha zake zitengwe katika ushuru wa chama wa korosho za msimu uliotangulia, zisisubiri msimu mpya. Katibu ambaye hajui kiwanja cha chama chake kimo katika fungu gani aanzie ofisi ya ardhi ya wilaya, akiwa na namba ya kiwanja, cheti cha kuandikishwa kwa chama, na muhtasari wa mkutano uliomtuma.